MZAHA PENYE KISU



Kila Idi ya kuchinja, hapa Goma mabishano ni yale yale. Kijana anaiga kilio cha mbuzi, wenzake wanacheka. Mwingine anakasirika, naye anajibiwa: «Mbona nyama unakula?»

Jibu hilo si hoja. Kula ni halali, na huruma nayo imeamrishwa. Shaddad bin Aws, katika Sahihi Muslim, amepokea kwa Mtume (s.a.w.) kwamba kisu kinolewe na mnyama astareheshwe. Kwa Ibn Abbas imepokewa kuwa aliyemlaza kondoo huku akinoa kisu alikemewa: atamwua mara mbili?

Mtume alitania, ila kwa ukweli. Mzaha basi usubiri sahani.

Na wewe uliyekasirika, mbuzi wako aliyefungwa miguu juu ya pikipiki toka Sake, ulimpa maji?