Kona ya Dada: Kabla Hujanunua Balbu Kali

Wadogo zangu wa Busia zote mbili, Tororo na Malaba, leo tuzungumze habari ya taa. Mmoja wenu ameniandikia kwamba marehemu babu yake alimwachia Datsun 1200 pikapu. Bodi ni safi na injini inaitika, lakini usiku ukiingia taa zake hazionyeshi kitu. Muuza spea amemshauri aweke balbu za LED zenye mwanga wa kibuluu, zile za zamani azitupe. Anauliza: Dada, nitoe pesa?

Usitoe kwanza, mdogo wangu. Nisikilize.

Hapa kwetu mpakani giza lina watu. Baiskeli zilizokuwa zikibeba abiria kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda ndizo zilizozaa bodaboda, na baiskeli bado tunazo, nyingi zikiwa hazina hata kipande cha kuakisi mwanga nyuma. Mama anatoka sokoni na beseni kichwani. Lori la makontena limeharibika, dereva ametandaza matawi ya miti barabarani kuwaonya wanaokuja. Ukiwa na taa mbovu, matawi hayo utayaona wakati umeshayakanyaga. Kwa hiyo suala lako nalichukulia kwa uzito, na nataka pesa yako ianzie mahali panapofaa.

Anzia kwenye waya. Katika magari mengi ya zamani, umeme wa taa hutoka kwenye betri, ukapita swichi ya dashibodi, kisha swichi ya ful na dimu, ndipo ukafika kwenye balbu. Waya wenyewe ni mwembamba na una umri wa mzazi wako. Kila kiungo kilichoshika kutu kinakula umeme kidogo, kama bomba la maji lenye matundu mengi madogo. Na balbu ya halojeni ina tabia ya kusikitisha: umeme unaoifikia ukipungua kwa asilimia 10, mwanga wake hupungua kwa takriban asilimia 30. Ndiyo maana gari lenye balbu mpya linaweza kuwaka rangi ya chungwa kama kibatari.

Niliwahi kuliona jambo hili kwa karibu katika gereji moja ya Tororo. Fundi wa umeme alimenya ganda la waya wa taa ya kushoto. Shaba iliyopaswa kung'aa ilikuwa imegeuka kijani, na nyuzi kadhaa zilikatikia mkononi mwake. Kisha akafungua skrubu ya athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi. Chini yake kulikuwa na rangi, kutu na vumbi jekundu, bila chuma safi hata kidogo. Akapasugua kwa msasa, akafunga upya, akapaka grisi. Taa ile ilipanda mwanga papo hapo, balbu ikiwa ni ileile.

Wewe nawe pima. Washa injini, ikoleze kidogo, washa dimu. Weka multimita kwenye betri: mtambo wa kuchaji ukiwa mzima utasoma karibu volti 13.5 hadi 14.2. Kisha pima nyuma ya taa, soketi ikiwa bado imechomekwa kwenye balbu inayowaka, kwa sababu waya usiobeba mzigo hudanganya. Ukisoma 13.5 kwenye betri na 11.5 kwenye balbu, umeshapoteza karibu asilimia 40 ya mwanga. Halafu weka ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri na nyingine kwenye mguu wa athi wa balbu. Hapo unatakiwa kusoma karibu sufuri. Ikifika nusu volti, athi yako ni mbovu.

Dawa ya ugonjwa huu ni relei mbili, yaani swichi zinazowashwa kwa umeme, moja ya ful na moja ya dimu. Kila relei ina miguu yenye namba. Namba 30 inapokea umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri, ukipitia fyuzi. Namba 87 inaupeleka kwenye taa. Namba 86 inachukua ule waya wa zamani wa taa, ambao sasa unabaki na kazi ya kutoa amri tu, na namba 85 inakwenda kwenye bodi. Kwa taa mbili za wati 55, umeme unaopita ni kama ampea 9, kwa hiyo fyuzi ya ampea 15 kwa kila relei na waya wa milimita 2.5 za mraba vinatosha. Mwambie fundi afungue nguzo ya betri kabla hajagusa chochote, na fyuzi ikae karibu kabisa na betri. Waya usio na fyuzi ukijikwaruza kwenye bodi, gari linaungua.

Mwambie pia asikate waya wa babu. Mpya upite kando ya ule wa zamani, ili siku ukitaka kulirudisha gari kama lilivyotoka kiwandani, uweze.

Sasa tuje kwenye taa yenyewe. Datsun yako, kama Land Rover Series III, inatumia taa ya duara ya inchi 7. Nyingi za zamani ni za kuzibwa: kioo, sahani ya kuakisi na uzi wa ndani ni kitu kimoja, ikiungua unatupa yote. Kwenye pete ileile inayoshika taa unaweza kuweka taa ya kioo inayopokea balbu ya H4, ya halojeni, wati 60 kwa ful na 55 kwa dimu. Balbu hii imekuwa barabarani tangu mwaka 1971, na gari litabaki na sura yake. Chagua kioo halisi, kwa sababu plastiki hufifia kwa jua letu. Sahani ya ndani ikiwa imeingia kutu, usikubali ipakwe rangi ya fedha ya kupuliza. Rangi hiyo hung'aa machoni lakini hairushi mwanga inavyotakiwa. Nunua taa nyingine. Na balbu ya halojeni usiishike kwenye kioo chake kwa vidole vitupu, kwa sababu mafuta ya ngozi huifanya ipasuke ikipata moto.

Utauziwa pia balbu za wati 100. Zikatae. Mbili zinavuta karibu ampea 17, na bila relei, swichi ya miaka 50 haina nguvu hizo. Soketi huyeyuka, sahani huungua. Kama gari lako bado lina dainamo, hali ni mbaya zaidi, maana dainamo nyingi za Kiingereza za enzi hizo hutoa ampea 22 hivi kwa gari zima.

Na zile LED za muuza spea? Taa ya halojeni imechongwa kwa ajili ya uzi mmoja mwembamba unaokaa mahali maalumu. Ukichomeka LED ya bei rahisi ndani yake, mwanga unatawanyika ovyo. Wewe utaona mweupe mkali mbele ya bampa na kufurahi, huku dereva wa bodaboda anayekuja amepofuka. Kama unataka LED, nunua taa nzima iliyoundwa hivyo tangu mwanzo, yenye alama ya kuidhinishwa. Na kama gari lako ni la Kiingereza la miaka ya 1950 au 1960, uliza kwanza athi yake. Mengi yalifungwa nguzo chanya kwenye bodi, na LED ya kawaida haitakubali.

Kuna jambo ambalo watu wengi wa mpakani hawaliangalii. Kenya na Uganda tunaendesha kushoto. Congo, Rwanda, Burundi na Sudan Kusini wanaendesha kulia, na hata Ulaya nyingi ni kulia. Taa ya dimu ya kwetu huinua mwanga kidogo upande wa kushoto, ili umwone anayetembea kando ya barabara. Ukifunga taa ya nchi za kulia, mwanga huo unainukia kwenye macho ya anayekuja, na anayetembea kando unamwacha gizani. Taa zilizotumika Ulaya zinauzwa sokoni bila mtu kuuliza. Ikiwa ina alama ya E ndani ya duara, simama mbele yake uitazame usoni. Ya kwetu ina mshale mdogo unaoelekea mkono wako wa kulia. Isiyo na mshale ni ya nchi za kulia. Yenye mshale wa pande mbili inaweza kurekebishwa.

Mwisho, ilenge. Tafuta uwanja tambarare wenye ukuta, jaza upepo kwenye magurudumu, simamisha gari mita 10 kutoka ukutani. Pima kimo cha katikati ya taa kutoka chini, kisha chora mstari wa chaki ukutani sentimita 10 chini ya kimo hicho. Ukingo wa juu wa dimu ukae kwenye mstari huo, upande wa kushoto ukipanda kidogo. Pikapu ni ya mizigo, kwa hiyo ilenge ikiwa na mzigo unaobeba siku zote. Ukipakia magunia ya mahindi nyuma, pua huinuka na taa huangaza miti.

Najua wapo watakaonikumbusha Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na magari yake yaliyojaa taa za ziada mbele. Ziweke ukipenda, lakini zifungwe kwenye waya wa ful, ili ukishusha dimu nazo zizime. Taa za namna hiyo ni za barabara tupu.

Kwa hiyo mdogo wangu, jibu langu ni hili: pesa ya kwanza iende kwenye athi na relei, ya pili kwenye taa ya kioo yenye mshale sahihi na balbu ya H4, na ya tatu usiitumie. Cha rahisi ni ghali, na hapa gharama yake inaweza kulipwa na mtu mwingine. Ukishamaliza, mpe mwenzako aendeshe gari lako, nawe simama barabarani mbele yake usiku, umbali wa salama. Ukiona macho yako yanauma, rudi ukutani uilenge tena kabla hujaanza kusafiri nalo.