Namna ya kumpa mtoto wa Kasulo kitabu cha Camara Laye

Wengi wetu tuliosoma kwa Kifaransa tulikutana na L'Enfant noir vipande vipande: ukurasa wa imla leo, ukurasa wa maswali ya mtihani kesho. Kabla hujamkabidhi mtoto kitabu hiki, kirudie chote mwenyewe. Kina sura 12 tu, na ukikisoma sasa, ukiwa papa, mama au yaya wa watu, utaona mengi yaliyokupita ulipokuwa unasaka jibu la mwalimu. Laye, mzaliwa wa Kouroussa nchini Guinea, alikuwa Ufaransa kilipochapishwa mwaka 1953. Ukurasa kwa ukurasa unaona anavyowakumbuka wa kwao.

Usianze na nyoka wa sura ya kwanza, ingawa ndipo shule huanzia. Mtoto wa Kasulo, mtaa wetu wa machimbo hapa Kolwezi, aanze na sura ya pili, ya dhahabu. Mwanamke anamletea baba wa Laye dhahabu aliyoipata kwa kuosha tope miezi mingi, akifuatana na msifu wa kumlainisha fundi ili kazi yake itangulie. Dhahabu inatiwa kwenye chungu na kufunikwa mkaa, wanafunzi wawili wanavuta mivukuto, karakana yote inanyamaza, na midomo ya baba inachezacheza bila sauti. Soma kwa sauti, polepole. Kisha funga kitabu umuulize: mawe ya hapa kwetu huoshwa na nani? Nani huyapima, nani hutaja bei? Tangu 2014, kobalti ilipoonekana chini ya viwanja vya Kasulo, watoto wameyaona hayo mlangoni. Mwache aeleze mpaka amalize, hata akisema mambo ambayo ungependa asiyajue.

Katika sura hiyohiyo mama wa Laye haipendi kazi ya dhahabu: anahofia macho ya mumewe kwa ukaribu wa moto, na mapafu yake kwa kupuliza. Hapo usieleze kitu. Mtoto anayeishi na vumbi la mashimo atamwelewa mama huyo kuliko msomaji wa Paris.

Kifaransa kikimlemea, soma aya moja, kisha msimuliane kwa Kiswahili chetu, ndipo mwendelee. Usimwandikishe orodha ya maneno magumu. Ndivyo vitabu vizuri vilivyogeuzwa adhabu. Nakala ikiwa moja, mkubwa asome na wadogo wasimulie. Sura ya Kondén Diara, wavulana wanapopelekwa porini usiku na kusikia simba wakinguruma, iwekeni kwa jioni umeme umekatika, na siri yake usiitoboe mapema. Anayeonewa na wakubwa shuleni mpe sura ya sita: mambo yanafika mpaka baba mwenyewe anakwenda kukabiliana na mkuu wa shule. Ya nane, ya tohara, ingoje kidogo.

Kwa kijana wa miaka kama 15, ongeza ubishi. Mongo Beti, mwandishi wa Cameroon, alikishambulia kitabu hiki katika miaka ya 1950 kwamba kinanyamazia ukatili wa wakoloni. Kwangu, lawama hiyo ina uzito, hasa ukiisoma katika mji uliojengwa na Union Minière, kampuni ya madini ya enzi za ukoloni. Lakini sikubali kwamba upendo wa mtoto kwa karakana ya baba yake ni uongo. Msimfundishe kijana upande wa kushika. Muulizeni tu: wewe ukiandika juu ya Kasulo, ni jambo gani usingekubali kulinyamazia?

Halafu mpe kaye na bic. Achague kazi moja ya mikono anayoijua vizuri, aiandike toka mwanzo hadi mwisho kama Laye alivyoiandika dhahabu: mama akisonga bukari, fundi akiziba pancha ya pikipiki, gunia likijazwa na kushonwa. Nani ameshika nini, nani amenyamaza, nani analipwa. Akimaliza, awasomee nyumbani kwa sauti. Makosa ya tahajia mtayasahihisha siku nyingine.