Hewa Baridi na Njia ya Pumzi: Somo la Sayansi kwa Shule za Nyanda za Juu

Katika shule za Njombe na Makete, miezi ya Juni na Julai huleta baridi kali, hata umande hukutwa umeganda majanini. Baada ya mchakamchaka wa asubuhi, mtoto mmoja au wawili huendelea kukohoa na kuhema kwa taabu, ilhali wenzao wamekwisha tulia. Mwalimu asiyejua sababu huwaita wavivu. Kwa hiyo twaona somo la upumuaji lifundishwe majira hayo hayo.

Pua haikuumbwa kwa kunusa tu. Hewa ipitayo humo hupashwa joto na kutiwa unyevu kabla ya kufika mapafuni. Hewa ya nyuzi 37 za Sentigredi iliyoshiba mvuke huchukua gramu 44 hivi za maji katika kila meta moja ya ujazo. Hewa ya nyuzi 5 haifikishi hata gramu 7. Upungufu huo hulipwa na utando wa njia ya pumzi. Mtu akitulia, pua huimudu kazi hiyo. Akikimbia, huvuta hewa nyingi kwa kinywa, na mzigo huangukia mirija ya ndani. Utando hukauka, majimaji yanayobaki huzidi chumvi, na seli zilizomo hutoa kemikali zinazokaza misuli ya mirija. Mwenye pumu hubanwa, kifua kikalia mithili ya filimbi. Hewa kavu yaweza kuleta shida hiyo hata ikiwa ya joto.

Tena mara nyingi shida huzidi dakika 5 hadi 10 baada ya mbio kwisha. Hapo ndipo walimu wengi hudanganyika, wakadhani mtoto anajisingizia.

Zana za somo ni kioo kidogo na vitambaa viwili vilivyoloweshwa sawasawa. Mwanafunzi apumulie kioo, kisha darasa liulizwe: maji haya yametoka wapi? Wako watakaojibu kwamba ni mate. Mwalimu asiwakatize, afumbe kinywa mwanafunzi yule, apumue kwa pua, nao watajionea wenyewe. Halafu kitambaa kimoja kipepewe kwa daftari, cha pili kiachwe. Kile kilichopepewa kitatangulia kukauka, ndivyo pumzi za haraka zikaushavyo njia ya hewa.

Wanafunzi watauliza kama baridi ndiyo iletayo mafua. Wajibiwe kwamba mafua huletwa na virusi.

Mwenye pumu asikimbizwe mbele ya darasa ili awe mfano. Kwenye mchakamchaka aanze kwa kutembea, afunike pua na kinywa kwa kitambaa, maana kitambaa huhifadhi joto na unyevu wa pumzi itokayo. Dawa yake ya kuvuta, kama anayo, iwe karibu naye, si ofisini chini ya kufuli. Akishindwa kumaliza sentensi moja bila kuhema, apewe dawa hiyo na kupelekwa kituo cha afya mara moja.