Darsa ya Falaki: Zuhali na Nuhusi Yake



Katika baraza yetu iliyopita kijana mmoja alileta suala ambalo halikujibika kwa maneno mawili. Alipeleka posa, wazee wa pande zote mbili wakaridhia, mahari yakatajwa. Kisha akaitwa mwalimu wa nyota. Yule mwalimu akahesabu kwa abjadi herufi za jina la kijana na za jina la mamake, akaondoa kumi na mbili kumi na mbili, na baki ikaangukia Jadi. Jadi kwao ni nyumba ya Zuhali, na Zuhali kwa watu wa tanjimu ndiyo Nahsi Kubwa. Posa ikarejeshwa. Kijana atuuliza: Jee, Zuhali ina neno gani nami?

Twaanza na asili ya tuhuma hiyo. Watu wa kale walihesabu nyota saba zitembeazo, nazo ni Mwezi, Utaridi, Zuhura, Jua, Mirihi, Mushtari na Zuhali. Waliiona Zuhali kuwa ya mbali kuliko zote, nyepesi wa nuru na nzito wa mwendo, kwani hutumia kadiri ya miaka 29 na nusu kulizunguka jua mara moja. Kwa sababu ya umbali na uzito huo wakasema tabia yake ni baridi na ukavu, kama tabia ya mauti. Wakaipa siku ya Jumamosi na madini ya risasi. Yote haya ni kufananisha kitu kwa kitu, wala hapana dalili nyuma yake. Na hesabu yenyewe ina pengo, kwani mwaka 1781 William Herschel aliiona sayari ya Uranus, na mwaka 1846 ikaonekana Neptune, zote mbili zi mbali kuliko Zuhali. Ikiwa umbali ndio nuhusi, basi Zuhali imevuliwa ukubwa wake zamani, na walimu wetu hawajapata khabari.

Sasa natutazame njia ya wale waliotaka kuijua kweli. Tarehe 15 Oktoba 1997 mashirika ya anga ya Marekani, ya Ulaya na ya Italia yalirusha chombo kiitwacho Cassini, kimebeba chombo kidogo kiitwacho Huygens. (Waitaliani waliotengeneza sahani kubwa ya kupelekea khabari ya chombo hicho ni hao hao wenye kituo Ngomeni, karibu na Malindi, tangu miaka ya 1960.) Zuhali i mbali na jua kwa zaidi ya kilomita milioni 1,400, na chombo kilikuwa kizito hata roketi isiweze kukifikisha moja kwa moja. Basi kikapitishwa karibu na Zuhura mara mbili, kisha karibu na ardhi yetu, kisha Mushtari, kila mara kikiongezewa mwendo kwa mvuto. Kilifika tarehe 1 Julai 2004, baada ya safari ya karibu miaka saba.

Lakini lililo bora katika kisa hiki ni makosa yao. Mwaka 2000, chombo kikiwa kingali njiani, walikijaribu wakagundua kwamba mtambo wa kupokea sauti ya Huygens ulipangwa vibaya, na khabari nyingi zingelipotea. Hawakuficha. Walihesabu upya, wakabadilisha njia ya chombo. Na tarehe 14 Januari 2005, Huygens iliposhuka juu ya Titan, mwezi mkubwa wa Zuhali, ikadhihiri kosa jingine: amri ya kufungua mlango mmoja katika milango miwili ya kupokelea ilisahauliwa, na nusu ya picha zikapotea. Hilo nalo wakalitangaza. Jee, ni lini ulipomsikia mpiga falaki akisema, “Mwaka jana nilikosea, kosa langu ni hili, na sasa nimelisahihisha”?

Picha zilizofika zilionyesha nchi yenye vijiwe vya barafu, katika baridi ya nyuzi kadiri ya 180 chini ya sifuri. Baadaye Cassini ikaona huko maziwa, si ya maji bali ya methani. Titan ni kubwa kuliko Utaridi, nayo haimo katika jedwali la mwalimu yeyote wa nyota. Hadi Machi 2025 miezi ya Zuhali iliyothibitishwa ilifika 274. Mwenye kutoa hukumu kwa Zuhali na atuambie: hiyo miezi 274, yupi kati yao aliyeharibu posa?

Wako watakaosema: mbona twaona kwa macho kwamba mwezi huleta bamvua na maji mafu? Basi vitu vya mbinguni vina athari. Ni kweli, wala hatukanushi. Lakini bamvua huinua mashua zote za bandari kwa kiasi kimoja; haiulizi nahodha mamake ni nani. Na Zuhali yenyewe yatufundisha jambo hili. Una mwezi mdogo uitwao Enceladus, upana wake hupata kilomita 500, nao huizunguka Zuhali kwa saa 33. Njia yake si duara kamili, kwa hiyo mvuto wa Zuhali mara huzidi mara hupungua, ukiukanda mwezi ule kama unga hata ndani yake pakapata joto. Mwaka 2005 Cassini iliona mvuke na chembe za barafu zikiruka kutoka katika nyufa za ncha yake ya kusini. Chini ya barafu ile mna bahari ya maji ya chumvi. Hiyo ndiyo athari ya Zuhali iliyothibiti: imeyeyusha maji pale ambapo kila kitu kingeganda. Na hao walioiita kavu!

Mafuta ya Cassini yalipokaribia kwisha, walikielekeza chombo ndani ya Zuhali kikateketea, tarehe 15 Septemba 2017, wakichelea kisije kikaanguka juu ya Enceladus au Titan na kuchafua maji yasiyokuwa yao.

Katika dini jambo hili lilikwisha kukatwa zamani. Siku aliyokufa Ibrahim, mwana wa Mtume (s.a.w.), jua lilipatwa, na watu wakasema ni kwa kifo chake. Mtume, naye yumo katika msiba wa mwanawe, aliwakataza, akawafahamisha kwamba jua na mwezi havipatwi kwa mauti ya mtu wala kwa uhai wake. Na Ibnul Qayyim katika Miftahu Daris Saada amewajibu watu wa tanjimu kwa urefu. Mwenye kujua Kiarabu na akisome. Kuhesabu mwendo wa nyota kwa ajili ya kibla, nyakati na safari ni elimu. Kumhukumu mja kwa nyota ni jambo jingine.

Kijana wetu tumemshauri arudi kwa wazee pamoja na watu wawili wa baraza hii, na ahadi imewekwa baada ya sala ya Ijumaa. Katika darsa ijayo, inshallah, tutasoma khabari ya nyota zenye mkia.