Una Nini Nyumbani?
Somo: 2 Wafalme 4:1–7

Mjane wa somo letu alikuwa na deni, na mdai alikuja kuchukua wanawe wawili. Angalieni Elisha alimuuliza nini: ana nini nyumbani. Hakumwambia atoroke, wala afiche ile chupa ya mafuta kwa shangazi. Mafuta yaliuzwa, deni likalipwa, familia ikaishi kwa yaliyobaki. Nasema hivi kwa sababu naona ndugu wakihama nyumba usiku na kuzima simu, kumbe Sheria ya Ufilisi ya Kenya ya mwaka 2015 imewawekea mlango.

Na mlango si mmoja. Ukiwa bado una kipato, unaweza kuwapa wadai wako pendekezo mkubaliane, au uombe amri ya kulipa pole pole kwa awamu. Kama huna mali yoyote ya kuuzwa wala uwezo wa kulipa, na madeni yote ni kati ya shilingi 100,000 na 4,000,000, kuna utaratibu wa wasio na mali. Ukikubaliwa, madeni hayo hufutwa baada ya miezi 12. Hupewi mara ya pili.

Kufilisika kwenyewe, kwa amri ya mahakama, ndiko kuzito. Mali yako inashikwa na msimamizi, ingawa unaachiwa vifaa vya kazi na vyombo vya lazima vya nyumbani. Unaachiliwa miaka 3 baada ya kuwasilisha taarifa ya hali yako ya kifedha. Kabla ya hapo huwezi kuwa mbunge; hilo wengi wetu tutavumilia.

Kwa biashara, duka lililosajiliwa jina tu ni wewe mwenyewe, na deni lake ni lako. Kampuni ni mtu mwingine kisheria: inaweza kuwekewa msimamizi iokolewe, au ifungwe na mali igawanywe. Lakini mkurugenzi aliyetia sahihi kuidhamini, benki itamfuata.

Sasa chukua daftari. Andika kila deni: benki, SACCO, chama, Fuliza, shailoki, kodi ya nyumba, hata lile la shemeji. Kisha andika mali, bila kuruka kitu. Usikimbize shamba kwa jina la ndugu yako wiki moja kabla ya kufika mahakamani. Mahakama inaweza kulirudisha, na kuficha mali ni kosa. Usimlipe rafiki mmoja ukawaacha wengine. Deni la ulaghai halifutwi, na benki inayoshikilia hati yako ya shamba kama dhamana bado inaweza kuliuza.

Kinachoniuma zaidi ni wadhamini. Humu kanisani tumedhaminiana sana kwenye SACCO. Wewe ukiachiliwa, mdhamini wako haachiliwi. Ataendelea kukatwa mshahara. Kabla ya kupeleka karatasi mahakamani, nenda kwake nyumbani na lile daftari, umwonyeshe kila ukurasa.