Mgeni Siku ya Tatu

Nataka kuwaeleza habari za wanafunzi wa kubadilishana, yaani vijana wa umri wetu waendao nchi nyingine kwa muda wa mwaka mmoja, wakakaa katika nyumba ya watu wasiowajua na kusoma katika shule ya huko. Wengi wetu tusikiapo habari hii twafikiri ndege, theluji, na picha za kuwaonyesha wenzetu. Nami nilifikiri vivyo hivyo mpaka babu yangu aliponiuliza swali moja.

Kwanza niseme asili ya jambo lenyewe. Chama kimoja kinachojulikana sana kwa kazi hii ni AFS, ambacho hapo mwanzo hakikuwa na shughuli yo yote na wanafunzi. Kilikuwa kikundi cha Wamarekani waliojitolea kuendesha magari ya kubebea majeruhi huko Ufaransa, tangu mwaka 1914. Baada ya Vita Kuu ya Pili, watu wale waliochoka kubeba majeruhi waliona afadhali vijana wa mataifa wajuane mapema, na mwaka 1947 wanafunzi wa kwanza wakafika Marekani. Mpango mwingine, uitwao YES, ulianzishwa na Bunge la Marekani mwaka 2002, baada ya mashambulio ya tarehe 11 Septemba 2001, kwa ajili ya vijana wa nchi zenye Waislamu wengi. Tanzania, Bara na Zanzibar, imepeleka wanafunzi wake, na Kenya vile vile. Umri uliotakiwa ni miaka 15 mpaka 17.

Jambo lililonistaajabisha ni kwamba jamaa wanaompokea mwanafunzi katika mpango huo hawalipwi. Humpa kitanda na chakula mwaka mzima bure. Nilimwuliza mwalimu wetu wa Kiingereza, ‘Basi mbona wanakubali?’ Akanijibu, ‘Wanataka mtoto, hawataki mpangaji.’ Maneno hayo sikuyaelewa siku ile.

Desemba iliyopita nilikwenda likizo nyumbani kwetu Katumba nikiwa na karatasi ya maombi ya mpango mmoja wa namna hii. Babu ndiye mlezi wangu, kwa hiyo sahihi ilikuwa yake. Nilimsomea yote: nauli hulipwa, shule hulipwa, na baada ya mwaka lazima kurudi. Akanyamaza kimya. Kisha akauliza, ‘Utalala nyumba ya nani?’

Lazima mjue kwamba babu naye alikwenda ugenini akiwa na miaka kumi na sita. Alivuka kutoka Burundi mwaka 1972, wakati wa mauaji, bila fomu wala tiketi ya kurudi, na hatimaye akaletwa Katumba ilipokuwa pori. Mwaka 2014, yeye na wengi wengine walianza kupewa vyeti vya uraia wa Tanzania. Kwa hiyo swali lake halikuwa la mzee asiyejua dunia. Alisema hatatia sahihi mpaka nimekaa siku kumi katika nyumba ya watu nisiowajua. Akanipeleka Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, kwa rafiki yake mvuvi waliyekuwa wakiuziana mahindi na samaki. Nilifanya hasira moyoni, maana Karema ni mkoa wetu huu huu wa Katavi! Niliona babu ananizungusha tu.

Siku ya kwanza nilikaribishwa vizuri mno. Nikapewa kiti, maji ya kunawa, na kuhe mzima. Kwa haya nilikula kidogo, nikasema nimeshiba. Usiku njaa ikanikaba. Siku ya pili nikafanya vivyo hivyo, na ndipo nilipomsikia mama mwenye nyumba akimwuliza mumewe kama chakula chake kinanichukiza. Kumbe adabu niliyotoka nayo nyumbani ilikuwa kwake dharau! Tena nilichelewa kuamka, kwa kuwa bwenini twaamshwa kwa kengele, na pale hapakuwa na kengele. Kila mtu alijua saa yake isipokuwa mimi.

Siku ya tatu nilipewa jembe. Nacheka nikiandika hivi, kwa sababu methali hiyo tumeijibu katika mitihani tangu shule ya msingi, lakini mimi nilipewa jembe kweli, la mpini mrefu, twende tukalime mpunga, maana mvua zilikuwa zimekwisha kuanza. Nililima vibaya. Watoto wa darasa la nne walinipita mstari mzima. Walakini tangu saa ile nilijua nikae wapi, nishike nini, na asubuhi niamke nikateke maji kabla ya mtu kunitazama.

Lililonisumbua kuliko jembe ni lugha. Wale jamaa ni Wabende. Walikuwa wakizungumza Kibende jikoni, nami nikiingia tu wote hugeukia Kiswahili. Walifanya hivyo kwa heshima, lakini kila walipogeuza nilijiona kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake. Usiku nilisikia wavuvi wakiitana ziwani kwenye taa za dagaa, nikawaza nyumbani hata machozi yakanitoka, na nyumbani ni safari ya siku moja. Mwenzetu aliye Marekani, ambaye usiku wake ni mchana wa mama yake, huwaza nini?

Siku ya saba au ya nane niliingia jikoni na ndoo. Wakaendelea na Kibende chao. Mama akanisemesha kwa Kibende hicho hicho akionyesha mtungi, nikamimina maji, hakuna aliyeona kuwa kumetokea jambo. Hapo ndipo nilipoyaelewa maneno ya mwalimu.

Mzee huyo ndiye aliyenitajia Daktari Atiman. Niliporudi shuleni nikatafuta habari zake, na naona haifai mwanafunzi wa Katavi kumaliza shule bila kuzijua. Adrien Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 karibu na mto Niger, upande wa Timbuktu. Akiwa mtoto aliibwa na kuuzwa, akavushwa jangwa la Sahara, mpaka mapadre wa White Fathers walipomkomboa huko Algeria. Alipokuwa na miaka kama kumi na mitano alipelekwa kisiwa cha Malta, akasomea udaktari. Mwaka 1888 alianza safari ya kuja huku na mwaka 1889 akafika Karema, katika kituo kilichojengwa na Wabelgiji mwaka 1879 na kukabidhiwa mapadre mwaka 1885.

Akaoa Agnes Wansahira, binti wa mtemi wa Wabende, na mtoto wao Joseph akawa padre. Aliwatibu watu kando ya ziwa mpaka alipofariki mwaka 1956, yaani miaka 67. Maisha yake aliyaandika mwenyewe, yakachapwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na hospitali moja ya Sumbawanga yaitwa kwa jina lake. Mtu huyu alikuwa mgeni Algeria, mgeni Malta, mgeni Karema. Kati yake na mwanafunzi wa kubadilishana kuna tofauti kubwa: huyu ana tarehe ya kurudi mfukoni.

Kwa wanaotaka kuomba, shauri langu ni hili. Mwaka wa ugenini hauhesabiwi katika mitihani yetu. Ukirudi utawakuta wenzako wamekupita kidato kizima. Hilo mzungumze na wazazi mapema, wala msilifiche. Tena jifunzeni kuosha vyombo na kupika ugali, hasa sisi wavulana, maana huko hakuna dada wa kukufanyia.

Siku ya kuondoka Karema mama alinifungia migebuka mikavu. Nilipofika Katumba babu alipokea furushi, akauliza, ‘Uliiachaje nyumba?’ Nikamwambia nimeacha mitungi yote imejaa. Akaingia ndani kutafuta miwani yake, akaniambia nilete ile karatasi. Aliandika jina lake polepole, herufi moja moja, akapuliza wino ukauke. Majibu bado hayajaja, nami nitatimiza miaka kumi na minane mwezi wa Oktoba.