Ni Mpaka au Ni Mimi?

Mwaka wa 2014 Martin Wambora wa Embu alikuwa gavana wa kwanza Kenya kung'olewa na bunge la kaunti pamoja na Seneti. Korti ikamrudisha, na 2017 wapiga kura wakamchagua tena. Gavana mwenzake, Kawira Mwangaza wa Meru, alipigiwa kura ya kuondolewa mara tatu. Seneti ilimwokoa mara mbili. Agosti 2024 haikumwokoa. Wahusika watasema ilikuwa sheria tu, nami sitawabishia. Sisi wengine tuna shemeji, jirani na mwenyekiti wa chama cha kahawa, na huko kiburi hakina wakili wa kukifunika. Kwa hiyo ukizozana na jirani juu ya mpaka, jiulize kwanza: ni mpaka au ni mimi? Kisha fuata haya.

1. Taja hasara kwa shilingi. Mti wa mukima wa jirani umeota upande wako? Sema bei yake. Ukikosa bei, basi unatetea jina lako, wala si shamba.

2. Anza kwa msajili wa ardhi. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inaizuia korti kusikiliza kesi ya mpaka wa shamba lililosajiliwa kabla msajili hajauthibitisha. Hata hivyo wengi hukimbilia wakili, kwa sababu "tutaonana kortini" ni tamu mdomoni kuliko "twende tukaulize". Wakili naye hulipwa, mshinde msishinde.

3. Tafuteni mzee wa kumtii. Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Kimeru lenye makao Nchiru, bado huamua mizozo ya ardhi, na kifungu cha 159 cha Katiba ya 2010 kinataka njia za jadi zihimizwe mradi zisivunje haki za watu. Uzuri wake ni huu: mtu aliyekataa katakata kumsikia jirani anaweza kukubali yaleyale yakitoka kwa mzee. Hajashindwa na mtu, ameheshimu wazee. Ila baraza hilo ni la wanaume, kwa hiyo mdai akiwa mama mjane, hakikisheni anajisemea mwenyewe. Na mzee anayedaiwa na upande mmoja apumzike siku hiyo.

4. Usijibu kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Kuna mashangazi humo wanaosoma kila kitu na hawaandiki neno. Mbele yao hakuna anayerudi nyuma. Piga simu.

5. Usidai ua na msamaha kwa pamoja. Ukiwa umeshinda, mwombe jirani ahamishe ua, basi. Ukitaka pia atamke mbele ya watu kwamba alikosea, utabaki na ua palepale ulipokuwa, na mwaka ujao mtaanza upya.

6. Kwa jirani huyo kukiwa na msiba, nenda. Hata kama yeye hakuja kwenu. Ukifika, pitia jikoni ukasaidie kubeba sufuria; viti vya mbele waachie wengine.